Taya la Odessa

Siku ya kipindi cha kumi na mbili nilifika kwa Linnea mapema, mimi ambaye hata mazishini huchelewa. Hofu ndiyo iliyoniamsha, ikanivalisha, ikaniendesha mpaka pale. Odessa, mke wangu, tuliyeishi naye miaka kumi na sita, alikuwa ameniambia tukiwa jikoni, bila hata kupandisha sauti: "Vipindi kumi na viwili, Ramona. Mwili wangu ukiwa bado unakukataa, tuuze nyumba, kila mtu ashike njia yake." Kumi na kimoja vilikuwa vimekwisha, na mwili bado ulikuwa unanikataa.

Linnea anatibu ndoa kwa kupitia mwili. Hapa Oakland watu wa kazi hiyo wako kila mtaa, na mwanzoni nilimcheka sana. Nilizoea wale wa kukukalisha kwenye kochi ueleze mama yako alikufanya nini utotoni. Linnea hataki hadithi. Unavua viatu, simu unaiacha kwenye kikapu mlangoni, unasimama kwenye zulia, naye anakuuliza tumbo linasemaje, mabega yanasemaje. Mimi ni mwanamke fundi kufuli. Siku ya kwanza nilimjibu kwamba bega langu linasema limechoka kubeba sanduku la vyuma na linaomba bia. Hakucheka. Odessa alicheka kidogo, halafu akashika taya.

Hilo taya ndilo lililokuwa likinitoa roho. Upande wa kushoto, chini kidogo ya sikio. Lilikuwa linambana kila tukiingia kwa Linnea, hata kabla hatujaketi. Nyumbani lilimbana tukipanda juu kulala. Akifika chumbani anakaa ukingoni mwa kitanda, kashika taya, hataki kuguswa hata na shuka. Daktari wa meno alisema anasaga meno, akampa kiplastiki cha kuvaa menoni usiku. Linnea akasema taya ni mahali watu wanapofungia hasira, basi tukaanza kuishughulikia hasira.

Na hasira ilikuwepo, sikatai. Miaka yote hiyo kila tukigombana nilikuwa nabeba sanduku langu naondoka, eti kuna mteja kajifungia nje. Mara nyingi hakuna mteja wala nini. Nakaa garini kwenye maegesho ya duka, najibana mpaka nipoe, na Odessa anabaki nyumbani na maneno yake mdomoni. Kwa hiyo alipoambiwa taya limejaa hasira yake juu yangu, niliamini neno kwa neno.

Zoezi letu lilikuwa moja. Odessa anasimama ukutani, mimi nasimama ukuta wa pili, namwendea polepole. Mwili wake ukisema basi, anainua mkono nami nasimama. Kipindi cha kwanza alinisimamisha zikiwa zimebaki hatua nne. Kipindi cha kumi na kimoja, hatua nne vilevile. Kulikuwa na sharti moja pia, na lilitungwa kwa ajili yangu: mwili wa mwenzako ukianza kufunguka, usimkatize, usiseme, usikimbie. Kipindi cha tano Odessa alianza kulia, nami nikasema naomba nikapokee simu. Simu yenyewe haikuwa imelia. Linnea aliniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi.

Basi siku hiyo nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake, ghorofa ya tatu, jengo la zamani lisilo na lifti. Nikasikia hatua za Odessa ngazini. Nikachungulia. Alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, wa pili kwenye taya, macho kayafumba, jasho linamtoka. Hakuniona. Nikajiambia, basi, yamekwisha. Hata sura yangu hajaiona, kunifikiria tu kunamtosha. Nikarudi kwenye benchi kwa kunyata kama mwizi.

"Umewahi," alisema alipofika, akihema.

"Nimewahi."

"Mh! Dunia inaisha leo."

Mlango wa Linnea ulikuwa bado umefungwa. Ndani walikuwepo wanaume wawili, mtu na mumewe, ambao zamu yao hutangulia yetu, na siku hiyo walikuwa wamepitiliza muda. Tuliwasikia wakilia, kisha wakicheka.

"Hao wamefaulu," nikasema.

"Sidhani kama kuna mtihani, Ramona."

"Kwako wewe upo. Umeniwekea."

Nilimenya chungwa, nikampa nusu, akala. Tulikaa hapo dakika ishirini. Mkono wake ulikuwa umeshuka kutoka kwenye taya, lakini mimi nilikuwa nimeshikwa na woga kiasi kwamba sikulitilia maanani.

Tulipoingia, alisimama ukutani na mimi nikaanza kutembea. Hatua nne zikafika. Nikasubiri mkono uinuke. Haukuinuka. Tatu. Mbili. Nikajikuta nimesimama mbele yake pua kwa pua, nanusa chungwa mdomoni mwake.

"Taya?" Linnea aliuliza kwa sauti ndogo.

"Limetulia," Odessa akasema. Machozi yakamtoka, na mimi yangu yakafuata. Nikaweka paji langu kwenye lake, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa muda ambao hata nimeusahau. Haki ya Mungu, nilidhani tumepona.

Linnea naye akafurahi. "Sasa tuipe hasira njia ya kutokea. Shikaneni viganja. Odessa, msukume. Kwa nguvu zako zote."

Odessa akasukuma. Mwanamke yule ana nguvu, kisigino changu kilirudi nyuma kwenye zulia. Akasukuma tena, akinguruma. Kisha uso ukabadilika.

"Linarudi. Taya."

"Vizuri. Usilikimbie. Pumua nalo."

"Mkono... mkono unakufa ganzi."

"Ndiyo. Mkono huo umejizuia miaka mingi. Mwache Ramona akupokee."

"Nasikia kutapika."

"Kuna mengi uliyameza," Linnea akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole wa kweli. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini alichokuwa akikisema, kama mimi nilivyokuwa nakiamini miezi yote ile.

Mteja akikwambia kufuli inakwama, humuulizi anamchukia nani. Unamuuliza inakwama lini. Asubuhi? Mvua ikinyesha? Kazi yangu yote ni hilo swali, na kwa mke wangu sikuwahi kuliuliza. Lini? Nikaliuliza pale pale, viganja vyake vikiwa kwenye vyangu. Kwa Linnea, akimaliza ngazi. Nyumbani, akipanda kulala. Leo katikati ya ngazi, peke yake, hana wa kumkasirikia. Akapumzika, taya likatulia, nikamfikia mpaka puani. Amesukuma kwa nguvu, limerudi.

Haikuwa mimi. Mwili wake haukuwa unanikataa mimi.

Ningeruka kwa furaha, lakini baridi ilinipanda kutoka miguuni. Uso wa Odessa ulikuwa wa kijivu. Midomo imekauka. Nami nilikuwa na sharti langu: usimkatize, usiseme, usikimbie. Nikifungua mdomo mimi ni yule yule Ramona wa maegeshoni, niliyeharibu zoezi siku ya mwisho, na nyumba inauzwa. Na kama nimekosea? Kama ni hasira kweli, ndiyo inatoka, na mimi naizuia mlangoni? Nikajikaza. Nikafanya alivyotufundisha Linnea, nikahesabu pumzi za mwenzangu. Nilihesabu tisa, namwangalia mke wangu akizama mbele ya macho yangu.

Ya kumi haikuja vizuri. Nikamwachia viganja, nikakimbilia mlangoni.

"Ramona, baki nasi," Linnea akasema.

"Baki mwenyewe! Huyu anakufa!"

Odessa alikuwa amepiga magoti. Aliniona naelekea mlangoni, na akasema, kwa sauti ninayoisikia mpaka leo, "Unaondoka tena."

"Siondoki! Simu! Simu iko kwenye kikapu!"

Ambulensi ilimchukua akiwa bado anaongea. Hospitali walimzibua mshipa wa moyo uliokuwa karibu kuziba kabisa, wakaacha ndani kibomba kidogo cha kuushikilia wazi. Daktari, binti mdogo tu, aliniambia kwamba kwa wanawake maumivu ya moyo yanaweza kukaa tayani. Akauliza yalianza lini. Nikasema miezi mitano. Akauliza huja wakati gani.

"Akipanda ngazi," nikasema. Jinsi nilivyojibu haraka ilinitia aibu.

Linnea alikuja, akakaa sakafuni kwenye korido, viatu vyake miguuni, akalia. Alisema tangu leo hatampa mtu zoezi kabla mtu huyo hajapimwa na daktari. Sikuwa na nguvu ya kumgombeza wala ya kumbembeleza.

Siku ya tatu asubuhi nilimweleza Odessa habari ya pumzi tisa. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukuta. Mchana nesi akaja kusema mgonjwa atembee koridoni. Mimi nikaenda kusimama mwisho wa korido, bila kuambiwa, mazoea tu. Lifti ilikuwa nyuma yangu.

Akaja polepole, anavuta ule mti wa dripu, gauni la hospitali limempwaya. Zilipobaki hatua nne, akasimama. Akashika taya.

Roho ilinitoka. "Nesi! Nesi!"

"Nyamaza we. Siyo hilo."

"Nini basi? Odessa, nini?"

"Nimekasirika." Akakaza mkono kwenye mti wa dripu. "Pumzi tisa, Ramona. Ulishajua, ukasimama unahesabu."

"Niliogopa utaniacha."

"Ukaona bora nife nikiwa wako?"

Nyuma yangu lifti ikafunguka, watu wakatoka, mlango ukabaki wazi. Nakiri, niligeuza jicho. Odessa aliona.

"Thubutu," alisema.

Mlango ukajifunga. Nilibaki pale, mikono inaning'inia, sina sanduku, sina mteja, namsubiri aseme yote. Aliyasema. Alianzia kwenye pumzi tisa akarudi nyuma mpaka mwaka wetu wa kwanza, mbele ya manesi na mzee mmoja wa kiti cha magurudumu aliyesimama kusikiliza. Kila nilipotaka kusogea aliinua mkono, na mimi nikasimama.

Alipomaliza akaachia taya. Nikauliza kama linauma.

"Haliumi," akasema. "Kaa hapohapo. Usinisogelee."

Halafu akazimaliza zile hatua nne yeye mwenyewe, akivuta mti wake.