Zahanati Inayofuata Wagonjwa

Ijumaa saa tisa na nusu alasiri nesi Konsolata Likwaya alimaliza kumfunga bandeji mzee aliyejikata mguu kwa jembe, akanawa mikono, akaandika jina la thelathini na moja kwenye kitabu cha wagonjwa, kisha akaifunga zahanati ya Lihanje kwa kufuli mbili. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyosema huduma hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa moja na nusu asubuhi. Karatasi hiyo aliiandika mwenyewe. Ikama, yaani idadi iliyopangwa, ilitaka watumishi watatu, na yeye alikuwa mmoja kwa mwaka wa nne.

Jumamosi asubuhi alipokwenda kisimani alikuta zahanati haipo. Palibaki msingi, simtanki la maji ya mvua na alama pana iliyoelekea mashambani. Konsolata alitua ndoo, akaifuata alama. Ilipita juu ya kingo za majaruba bila kukanyaga mpunga, ikavuka mfereji, ikaishia uani kwa mzee Kelestini, kilomita mbili kutoka barabarani. Zahanati ilikuwa imesimama hapo, mlango wake umetazamana na mlango wa mzee. Ilikuwa imelalia tuta moja la muhogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, nesi. Zahanati yako imefika tangu alfajiri. Nilidhani umeituma."

"Sikuituma."

"Basi karibu, si ni kwako."

Mzee alikohoa mpaka akashika nguzo. Kwa kuwa funguo alikuwa nazo, Konsolata alifungua, akamlaza kitandani, akamsikiliza kifua. Ilikuwa nimonia. Alimchoma sindano, akampa vidonge vya siku saba, akamwambia asilale kwenye upepo. Kuhusu muhogo alisema ataongea na mwenyekiti. Jumatatu saa moja na robo zahanati ilikuwa mahali pake, ina matope mpaka usawa wa madirisha. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walisaidia kuiosha.

Tangu hapo ilitoka kila Jumamosi na Jumapili, na siku za sikukuu, na siku nyingine jioni baada ya kufungwa. Haikukosea nyumba. Iliposimama uani kwa mtu, watu wa hapo walianza kupimana joto kwa viganja hata kama hakuna aliyelalamika, na kabla ya jua kuzama mmoja wao alikuwa anatetemeka. Watu walikata matawi yaliyoning'inia chini njiani mwake ili yasikwaruze bati. Padri alipokuja kigangoni aliomba tu isisimame mbele ya mlango wa kanisa wakati wa misa.

Konsolata aliifuata. Hakuna aliyemwagiza, na posho ya saa za ziada haikuwepo, lakini alishindwa kukaa chumbani kwake alikopanga huku akijua dawa zake zimesimama uani kwa mgonjwa na ufunguo uko mfukoni mwake. Kwa mwezi alijibakizia Jumapili moja tu. Siku hiyo alipanda gari la asubuhi kwenda Ifakara kumwona binti yake Gladness, aliyekuwa anasoma bweni.

Jumapili ya namna hiyo, mwezi wa nne, Mariana na mumewe Vitus walirudi kutoka misani wakakuta zahanati uani kwao. Waliingia ndani moja kwa moja. Binti yao Rosemery, mwenye miaka sita, waliyemwacha na bibi yake kwa sababu aliamka mchovu, alikuwa amelala macho wazi. Mwili wake uliwaka. Kabla Mariana hajamvua gauni, degedege lilimkamata.

Vitus alipiga simu.

"Nesi, zahanati iko hapa kwangu. Rosemery ana degedege."

Konsolata alikuwa amekaa na Gladness kwenye benchi la shule wakila maandazi. Alisimama.

"Mlazeni ubavu. Msimtie kitu mdomoni. Mpepeeni."

"Dawa naiona dirishani. Nivunje kufuli?"

"Vunja. Lakini hiyo unayoiona ni ya kuchoma kwenye mshipa. Nani atachoma?"

Vitus alirudia swali kwa sauti. Walikuwepo majirani sita uani, na wote walitazama mikono yao.

"Ile ambayo hata mama angeweza kumwekea mtoto njia ya haja kubwa iliisha mwezi wa pili," Konsolata alisema. "Nimeagiza mara tatu. Mleteni mjini. Mleteni sasa hivi, kaka."

Marselino wa bodaboda alitaka elfu thelathini, kwa sababu ilikuwa Jumapili na barabara ilikuwa tope. Siku ya kazi ilikuwa elfu kumi na tano. Mariana alipanda nyuma na mtoto mgongoni kwake, kwenye khanga mbili, na Vitus akapanda nyuma ya Mariana ili ashike kichwa cha mtoto. Zahanati ilibaki uani. Bibi alisema baadaye kwamba walipoondoka ilisogea hatua chache kuelekea njiani, kisha ikasimama.

Walikwenda kwa muda wa saa mbili na nusu. Walipofika pembeni mwa mji degedege lilirudi, na Marselino akasimama mbele ya jengo la kwanza lenye alama ya msalaba mwekundu. Ilikuwa kliniki ya binafsi ya Daktari Obadia. Mapokezini alikaa dada mmoja mpole sana. Aliwapa pole, akawapa kiti, akamwita nesi aje amshike mtoto, kisha akaanza kueleza.

"Kumwona daktari siku ya kazi ni elfu kumi. Jumapili ni elfu ishirini na tano."

"Tunaomba amwone," Vitus alisema.

"Faili ni elfu tano."

"Sawa. Na akishamwona atamtibu?"

"Matibabu ni mbali na kumwona, baba. Kipimo mbali, dawa mbali, kitanda mbali. Kitanda cha Jumapili kinaanza kuhesabiwa Jumamosi."

Vitus alitoa kadi ya bima ya kaya. Alikuwa ameifunga kwenye nailoni isilowe. Dada aliigeuza, akaisoma pande zote mbili.

"Hii ni nzima, haijaisha muda. Ila sisi hatuipokei. Inatibu kuanzia kwenye zahanati yenu."

"Zahanati yetu iko nyumbani kwangu."

"Iko nyumbani kwako?"

"Uani. Imekuja tangu asubuhi."

"Basi mngetibiwa hukohuko," dada alisema, bila ubaya wowote, akamrudishia kadi.

Konsolata, aliyepigiwa simu na Vitus, alifika akiwa na gauni lake la kanisani na viatu mkononi. Aliweka mezani elfu arobaini aliyokuja nayo kwa ajili ya michango ya shule ya Gladness, na Vitus aliweka kilichobaki baada ya bodaboda. Daktari Obadia alitoka, akamwona mtoto, na kwa kuwa malipo ya kuanzia yalitosha akamtibu vizuri. Sindano ilikuwa ileile iliyokuwa kwenye kabati la Lihanje, na boksi lake lilikuwa la rangi ileile. Konsolata alisimama pembeni akitazama mikono ya nesi mwingine ikifanya kazi yake. Mariana alimtazama yeye.

"Sikulaumu," Mariana alisema.

"Nilaumu tu, dada. Nitaona afadhali."

"Sina nguvu hizo leo."

Rosemery alilazwa siku nne. Alipona, isipokuwa sikio la kushoto halikusikia tena. Vitus aliuza magunia matatu ya mpunga waliyoyaweka kwa ajili ya kula mpaka msimu mwingine, na mwaka huo nyumbani kwao walikula muhogo kuanzia mwezi wa tisa.

Konsolata aliporudi Lihanje hakwenda chumbani kwake. Alichukua godoro, jiko la mkaa na sanduku la nguo, akahamia zahanati, kwenye chumba cha kuhifadhia vitabu. Jumamosi ilipotoka ilitoka naye. Alizoea haraka. Alijifunza kufunga milango ya makabati kwa kamba kabla ya alasiri, na kutokuacha chai mezani. Zahanati ilitembea taratibu kama ng'ombe mwenye mimba, na ikifika ilitua kwa mshindo mdogo. Naye alifungua mlango, akasema hodi. Gladness alipokuja likizo alilala naye humo, na aliamka kila asubuhi akitazama dirishani kujua wako kwa nani.

Masika yote hayo hakuna mtoto wa Lihanje aliyepelekwa mjini kwa bodaboda. Konsolata alikonda. Siku moja alisinzia akiwa ameshika kalamu, na mgonjwa, mwanamke mwenye adabu, alikaa nusu saa akimsubiri aamke. Watu walimletea mchele na samaki. Hakuna aliyemletea msaidizi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa naye.

Mwezi wa saba alikuja afisa kutoka ofisi ya afya ya wilaya, aliyeitwa Osward, kijana msafi, mwenye pikipiki ya serikali. Ilikuwa Jumanne na zahanati ilikuwa mahali pake. Alikagua vitabu, akakaa na Konsolata na mwenyekiti wa kijiji, mzee Severini, kwenye benchi la wagonjwa.

"Dawa za miezi sita zimeisha kwa miezi mitatu," Osward alisema.

"Wagonjwa walikuwepo," Konsolata alijibu. "Majina yao hayo hapo."

"Majina nimeyaona. Nimeona na saa. Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Jumapili saa nne. Sikukuu ya Pasaka."

Mzee Severini alikohoa kidogo. "Mheshimiwa, jengo lenyewe ndilo linaloondoka. Kama ni kosa, ni la jengo."

"Hapana, mzee. Kuhusu jengo nimeuliza kabla sijaja. Jengo kutembea si kosa, hakuna kifungu. Kosa ni kutoa huduma nje ya saa za kazi bila kibali. Huduma hiyo ina posho, na posho haina fungu. Akitoa bila posho tunaonekana tunamdhulumu mtumishi."

"Kwa hiyo nifanye nini?" Konsolata aliuliza.

"Uandike barua ya kujieleza."

Aliandika kurasa mbili. Alieleza kuhusu Kelestini, kuhusu sikio la Rosemery, kuhusu dada wa mapokezi na bei ya kitanda. Alimaliza kwa kuomba watumishi wawili au mmoja. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Walimshukuru kwa moyo wa kujituma, wakampa uhamisho kwenda kituo cha mbali, kupita Masagati, ambako hakukuwa na mtumishi kabisa na majengo yalikuwa yametulia.

Ijumaa ya mwisho alikabidhi vitabu na funguo kwa mzee Severini, akarudisha godoro kwenye chumba chake cha zamani ili alale huko usiku mmoja kabla ya gari. Jumamosi alfajiri alifungua mlango akakuta zahanati imesimama mbele yake, karibu kiasi kwamba mlango haukufunguka wote. Alitazama kushoto na kulia. Majirani walikuwa wazima, wanawasha moto. Kisha akaweka kiganja kwenye paji la uso wake mwenyewe.

Alimwita mzee Severini afungue. Alijitoboa kidole kwa kipimo cha malaria, akasubiri dakika kumi na tano, akaona mistari miwili. Alijiandika kitabuni, jina, umri, kijiji, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akachukua dozi moja ya dawa mseto na kumeza vidonge vinne vya kwanza kwa maji ya ndoo. Halafu aliegemeza mgongo ukutani na kukaa chini.

"Hulii, nesi?" mzee Severini aliuliza.

"Nalia, baba. Ni homa inakausha."

Gari lilipofika alipanda. Zahanati ilibaki palepale mpaka Jumatatu.

Nesi mwingine hajaja. Mzee Severini hupiga simu kila mwisho wa mwezi, na Osward humjibu kwa heshima kwamba maombi yamo kwenye bajeti. Kwa kuwa haina mtu wa kuisubiri asubuhi, zahanati sasa hutoka siku yoyote, saa yoyote. Mzee Severini huifuata na funguo. Akifika hufungua mlango na madirisha, hewa ipite, na mgonjwa hulazwa kitandani. Kabati nalo hulifungua, kisha hulifunga, maana hakuna anayejua dawa ipi ni ipi.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatano, ilikwenda kwa Yosefina, mke wa mvuvi, aliyekuwa na mimba ya miezi tisa. Ilifika mapema. Wanawake walitandika shuka safi kwenye kitanda cha kujifungulia, mama mkwe akanawa mikono mpaka viwikoni, na saa nane mchana alizaliwa mtoto wa kiume, akalia vizuri. Yosefina aliendelea kutoka damu. Marselino aliitwa, lakini alikuwa upande wa pili wa mto na abiria. Alipofika saa kumi na moja hakuzima injini kwa muda, kisha akaizima.

Kwenye taarifa ya mwezi iliandikwa kwamba Lihanje mama mmoja alijifungulia kituoni, ndani ya saa za kazi, mtoto ana uzito wa kutosha.

Zahanati haikuondoka. Ilikaa uani pale siku zote tatu za msiba, na kila jua liliposogea nayo ilijigeuza kidogo ili kivuli kiwafikie waliokaa mwisho. Mvua ilinyesha siku ya pili, wakaingia barazani mwake. Familia haikulazimika kukodi turubai.