Ngoma ya Kuipokea Ndege

Mwahija alikuwa amebanwa kwenye kiti cha nyuma cha ndege ndogo, akiwatukana kimoyomoyo watu wa kijiji chake, akianzia kwa mjomba wake.

Kutoka kijiji kizima cha Pande, ni yeye tu aliyepata kusomea wanyamapori. Leo alikuwa kwenye mtihani wake wa mwisho: kuhesabu nyati kutoka angani, wale tu wanaoonekana kati ya fito mbili zilizofungwa chini ya bawa. Hesabu hiyo ndiyo ingeamua kijiji gani kibakiziwe askari wake mwenye bunduki; pasipoonekana nyati, askari angeondolewa. Tangu Operesheni ya vijiji vya ujamaa iwahamishie watu kule porini, nyati walishinda kando ya mihogo yao bila woga. Mwezi wa Shaabani walimuua mume wa Mwanaima akipalilia.

Sasa chini, palepale nyati walipozoea kulala, kulikuwa na watu! Ngoma tatu, kina mama wamevaa khanga za sare, na Mjomba Maftaha, mwenyekiti wa kijiji, akipunga bendera. Mgeni wa serikali hupokewa kwa ngoma, hata kama hatui.

"Nyati wangapi?" aliuliza Klementi, mwalimu wake.

"Hakuna. Wamekimbizwa na ngoma. Turudie kesho, mwalimu, nakuomba!"

"Mafuta ya kesho ni ya kuhesabia kule Rondo. Andika ulichokiona."

Aliandika sifuri kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

Alasiri alishuka kwenye Landrova kijijini. Hata shikamoo hakutoa.

"Mjomba, nani kawatuma kuwafukuza nyati?"

"Wewe," Maftaha alijibu, naye pia amekasirika. "Si uliandika serikali itapita Jumatano, nawe umo ndani ya ndege? Tumewaswaga tangu alfajiri, tukafyeka na majani. Ulitaka serikali ikute pori?"

"Tulikuja kuwahesabu hao nyati!"

"Hilo hukuandika."

Kweli hakuandika. Barua nzima ilikuwa ya kujisifu kwamba atapanda ndege. Hasira zote alizokuja nazo zikamgeukia mwenyewe, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumtukana.

Mwanaima akapenya katikati ya watu, bado amevaa khanga ya sare, jasho linamtiririka.

"Mlituona, mwanangu?"

"Tuliwaona, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Alhamdulillahi. Basi askari wetu habanduki," alisema Mwanaima, akaenda kuwaambia wenzake.