Moshi wa Buluu Kipese

Mdogo wangu Onésime alinipigia simu nikiwa Butembo, akiniomba mimi, dada yake mkubwa, nifike Jumapili. "Yaya Kavugho, kuya dimanche. Tutaomba, kisha tuongee juu ya miti ya baba. Bila weye hatukate hata moja."

Baba aliipanda mwaka niliozaliwa, na alipofariki tuliahidiana kuiacha isimame. Mimi ndiye niliyemweleza Onésime nilichojisomea: mti hunywa kaboni iliyo hewani, huigeuza kuwa shina na matawi, na huishika humo muda wote unapoishi. Lakini mvua ilikuwa imebomoa nyumba yake, na bila kuuza miti asingeweza kuijenga. Njiani nilifikiri polepole, na nilipofika Kipese nilikuwa nimeamua. Akate nusu.

Nilimkuta uani. Nyuma yake, kilimani, kitu chembamba kilikuwa kikipanda.

"Ile ni nini?"

"Ukungu tu, yaya. Unasahau kwetu?"

Jirani Kamate alikuwa akipita na mbuzi wake. "Ukungu ya Onésime iko na harufu ya makala!" akasema. "Hata mbuzi zangu zinakohoa!"

Onésime hakucheka.

Tumekulia kwenye tanuru za makala, makaa ya kupikia: kuni zinafunikwa udongo, zinaungua polepole. Siku za kwanza moshi huwa mweupe, kwa sababu ni maji yanayotoka. Ukiwa wa buluu, makala yamekaribia kuiva. Ule ulikuwa wa buluu. Aliponiita kuomba ruhusa, moto ulikuwa tayari unawaka.

Nilipanda kilima. Miti yote ilikuwa imekatwa, na visiki vilikuwa vimekauka utomvu. Kile ambacho miti ilikusanya tangu utoto wangu kilikuwa kinarudi hewani mbele ya macho yangu.

"Niliogopa utakatala," alisema nyuma yangu.

"Nilikuja kukubali, Onésime. Nusu."

Wakati huo udongo wa tanuru ukapasuka ubavuni, na moshi ukatoka kwa nguvu. Kama hewa ingeingia pale, kila kitu kingegeuka majivu.

"Yaya, saidia! Udongo!"

Nilisimama kidogo. Kama ningeacha, nisingerudishiwa mti hata mmoja, na nyumba yake ingebaki bila ukuta. Nikachota udongo kwa mikono, nikaziba ufa, nikaupigapiga mpaka ukashika.

"Aksanti, yaya. Kuya tukule, bugali iko tayari."

"Kuleni nyinyi," nilisema.

Nilinawa mikono mtoni, si kwake, nikasimamisha pikipiki ya kwanza iliyokuwa ikienda Butembo.