Giza la Siku Kumi na Tisa

"Mama watoto, soksi ya pili imemezwa na nani?" mumewe aliuliza. Binti yao alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja mtupu.

"Mvishe yoyote. Hakuna mwalimu anayekagua miguu." Mama akatoka mbio kwenda kazini.

Alikuwa fundi wa vipimo katika kituo cha utafiti wa bahari, na mkataba wake wa majaribio ulikuwa unakwisha siku hiyohiyo. Ofisini alimkuta mkuu wa kituo, ambaye wafanyakazi walimbandika jina la Mzee Grafu, ameikodolea macho kompyuta. Kipima mwanga walichokizamisha penye nyasi za bahari kilionyesha mwanga ukipungua siku hadi siku, siku kumi na tisa mfululizo.

"Maji yanachafuka," alisema Mzee Grafu. "Nyasi zikikosa mwanga zitakufa, na samaki watahama. Saa nne natuma ripoti wizarani."

Siku kumi na tisa. Ndizo zilizopita tangu akiteremshe kipimo kile yeye mwenyewe. Alikipakata mashuani kama kichanga, na ili kioo chake kisikwaruzwe, alikuwa amekivisha...

Angeweza kunyamaza. Kesho angekwenda na mashua kimyakimya, akakivua kipimo, na mkataba mpya ungekuwa umeshasainiwa. Nani angejua? Lakini nyasi zile alizipima kwa mikono yake, jani kwa jani. Hakuwa radhi zitangazwe maiti zingali hai.

"Mzee, usitume. Kipimo kimevaa soksi."

"Kimevaa nini?"

"Soksi ya binti yangu. Nilikivisha kisikwaruzwe, nikasahau kukivua."

Mzee Grafu alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Ya rangi gani?"

"Nyeupe."

"Kumbe! Ndiyo maana mwanzoni mwanga ulipita kidogo."

Saa sita walikivuta. Soksi ilikuwa nzito kwa mwani uliokuwa ukiziba mwanga siku hadi siku, na kaa mdogo kama kifungo cha shati amejijengea makao kisiginoni. Fundi alimrudisha majini taratibu, kisha akakizamisha kipimo kikiwa uchi. Waliporudi ofisini, mstari wa grafu ulikuwa umepanda wima.

Mzee Grafu alichukua orodha ya ukaguzi, akaongeza kwa kalamu: *Soksi imevuliwa?*

"Utatia tiki wewe, kila mwezi."

"Mkataba wangu unaisha leo, Mzee."

"Nani mwingine atajua kuivua?" akasema, akimsogezea mkataba mpya uliokwisha kusainiwa.