Inchi Hamsini za Norbert

Kipimajoto cha mashua kilisoma maji kuwa nyuzi themanini na moja za Farenhaiti kabla hatujatoka gatini, nami nikakitupia taulo. Sikuteleza. Nilijua ninachofanya. Kwa miaka ishirini na saba nimewapeleka watu kuvua maski, samaki mrefu mkali anayekula wenzake, katika Ziwa Tamarak, na kila Julai nimewarudisha wateja nyumbani, wengine wakinitukana mpaka barabarani, kwa sababu maji yakifika nyuzi themanini maski haguswi. Maji ya moto hayana hewa ya kumtosha. Utapigana naye, utamwachia, ataondoka mbele ya macho yako, na kesho yake utamkuta ufukweni tumbo juu.

Lakini huyu hakuwa mteja. Alikuwa kaka yangu Norbert, aliyevuta vumbi la kiwanda cha karatasi kwa miaka thelathini na minne, na Jumatatu madaktari wa mjini walikuwa wamkate kipande cha pafu. Walimwambia waziwazi kwamba huenda asiamke. Siku zake zilizobaki za hakika zilikuwa mbili, na siku hizo mbili hakuna upepo wa baridi uliotangazwa.

Alichotaka ni kitu kimoja. Katika baa ya Hildegard, juu ya mlango wa jikoni, kuna ubao wa mwaloni wenye majina ya waliovua maski wa inchi hamsini na kuendelea. Masharti ni mawili: samaki apimwe mbele ya shahidi, na aachiwe akiwa hai. Jina langu liko pale mara nne. Norbert, aliyenifundisha kushika fimbo ya kuvulia, hana hata herufi moja. Alishavua wa arobaini na saba mara tatu, na wa arobaini na nane mara moja. Kila Ijumaa tunapokula samaki wa kukaanga, watani wake humuuliza kama anasubiri ubao ukue au samaki.

Aliniuliza kama kile kipimajoto kimekufa. Nikasema kimekufa. Akatikisa kichwa, akakaa kwenye kiti cha mbele, akaanza kurusha.

Huku kwetu maski huitwa samaki wa mitupo elfu kumi, na Norbert siku ile alikuwa na pumzi ya mitupo michache. Alirusha chambo chake cha mbao, kikubwa kama kiatu cha mtoto, chenye ndoana mbele na nyuma, akakivuta polepole kando ya magugu, akapumzika, akarusha tena. Kila mtupo aliumalizia kwa kuchora nane, yaani kuizamisha ncha ya fimbo ubavuni mwa mashua na kukizungusha chambo kwa umbo la nane, maana maski hupenda kumfuata mtu mpaka mlangoni kabla ya kuamua. Kufika saa tatu asubuhi uso wake ulikuwa wa majivu. Nikamwambia turudi. Akasema mmoja wa mwisho, na mimi, Mungu anisamehe, niliomba asipate kitu.

Katika zamu ya pili ya nane, maji yakafunguka.

Maski aliuma hatua moja kutoka magotini mwetu. Niliona mdomo, kisha ubavu wa shaba wenye mistari, kisha fimbo ikajikunja mpaka majini. Nikamfokea amlete haraka, asimchezee, maana katika joto lile kila dakika ya kupigana ilikuwa inamla samaki. Norbert hakuwa na hewa ya kupoteza. Alimvuta kwa uzito wa mwili wake wote, nami nikaushusha wavu mkubwa na kumwingiza kichwa kwanza. Hazikupita dakika mbili.

Ndoana ya mbele ilikuwa imeingia karibu na shavu la kupumulia, pabaya. Niliinama na koleo niitoe samaki akiwa bado ndani ya maji, na hapo nikafanya kosa ninalowakataza wateja kila siku: nikatia mkono mtupu kwenye wavu. Maski akajipinda. Ndoana ya nyuma ikazama katika nyama ya kiganja changu cha kulia mpaka ikapotea, tukawa tumefungwa pamoja, mimi na yeye, kwa kile chambo cha mbao. Kila alipotikisa kichwa niliona nyota mchana.

"Kata," nikamwambia Norbert. "Mkasi wa vyuma uko nyuma yako. Anza na ya kwake."

"Wewe unatoka damu."

"Mimi nina hewa, kaka. Kata ya kwake."

Akapiga magoti. Kifua kilimlia kama mlango mbovu. Mkasi uliteleza mara mbili. Mara ya tatu chuma kililia, kisha kikalia tena, na chambo kikatoka shavuni. Akakata na ile ya mkononi mwangu, jicho la ndoana likabaki nje na ncha yake ndani. Nikaiacha. Hiyo ilikuwa kazi ya daktari.

Sasa maski alikuwa amelala ndani ya wavu, majini, mrefu, mzima, wetu. Norbert akamtazama kama mtu anayesoma barua. Akaniomba rula ya kuelea, ile laini ya kumpimia samaki ndani ya maji. Nikageuka kuichukua, nikakumbuka: ilikuwa imebaki gatini, juu ya benchi, kwa sababu wakati wa kuipakia mimi nilikuwa nashughulika na taulo. Njia ya mwongo ni fupi kweli. Kilichobaki ni bao la kupimia lililokuwa sakafuni, na bao hilo lilitaka samaki atoke majini.

"Sekunde kumi," akasema. "Kumi tu, Verna. Wewe ndiye shahidi."

Nilimwambia basi. Nilimwambia maji yalikuwa nyuzi themanini na moja tangu asubuhi, na kipimajoto ni kizima.

"Najua," akasema. "Nilitia mkono pale gatini. Ningesema, ungenirudisha nyumbani."

Nilimkasirikia sana, kisha nikajikasirikia mimi. Yeye alikuwa tayari ameshika shina la mkia kwa mkono mmoja, na wa pili ukiwa chini ya taya. Kuna kanuni aliyonifundisha mwenyewe nikiwa na miaka tisa: unapomtoa samaki majini, nawe bana pumzi, ukihisi unataka hewa, yeye anaitaka zaidi. Nikamwona akivuta pumzi ili aibane. Haikukaa. Samaki hakuwa ameinuka hata kidole kimoja, Norbert akakohoa mpaka paji la uso likagonga ukingo wa mashua.

Alipomaliza kukohoa, mikono yake ilikuwa bado majini na maski bado alikuwa majini.

"Toa wavu," akasema.

Niliuondoa. Maski akalala ubavu. Norbert akamsimamisha wima, akamshikilia mkiani bila kumsukuma mbele wala nyuma, na tukaanza kungoja. Dakika tano. Kumi. Mashavu yalifunguka mara moja, yakakaa sana, yakafunguka tena. Tai mmoja alitua kwenye msonobari wa karibu, akatutazama bila haraka. Jirani mmoja akapita kwa mashua yake, akapunguza mwendo, akauliza wanachouliza wote hapa kabla ya salamu: inchi ngapi? Norbert hakuinua kichwa. Nilijitolea kumpokea, akakataa. Jua lilimchoma shingo na midomo ikamgeuka rangi, na mimi sikujua tena nimwogopee yupi kati ya wale wawili.

Dakika ya ishirini na sita, mkia ukakaza. Norbert akafungua vidole, na maski akashuka mwenyewe, kichwa chini, mpaka giza la magugu likammeza. Tukakaa palepale nusu saa nyingine, tukikagua maji kama ataelea. Hakuelea. Tai akachoka, akaenda zake.

Norbert akajiegemeza kwenye kiti, akifuta macho bila kujificha.

"Jicho lako halikosei," akasema. "Alifika hamsini?"

Nilikuwa shahidi pekee. Ningesema ndiyo, Hildegard angepanda ngazi na brashi jioni ile ile, na hakuna ambaye angebisha. Labda kaka yangu angeingia chumba cha upasuaji akiwa na jina ukutani. Lakini Norbert alimwachia samaki yule kwa haki, na kitu alichokipata kwa haki sikutaka kukichafua.

"Arobaini na tisa," nikasema. "Labda na nusu."

Akayatazama yale magugu. Kisha akatabasamu.

"Basi bado anakua," akasema. "Niwekee siku ya Septemba, maji yakipoa."

Nikachukua daftari la wateja, nikamwandikia tarehe kumi na nane, asubuhi, kwa mkono wa kushoto.