Chembe Juu ya Kifuniko

Kifuniko cha boksi la chakula la mume wangu kilikuwa na duara katikati, limechakaa kana kwamba mtu amelisugua kwa kidole miaka mingi. Ni plamu ya chumvi iliyokula pale. Kila asubuhi nilishindilia wali wa kuchanganya na shayiri ndani ya alumini ile, nikazika plamu moja katikati, nikafunika. Na uchachu wake, siku baada ya siku, ukakitafuna kifuniko bila kelele. Nyumba yetu nayo ililiwa hivyo hivyo.

Kiyozo alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, mwendo wa dakika arobaini kwa baiskeli kando ya mto. Nilimfungia kilichokuwepo: machicha ya soya yaliyokaangwa kwa vitunguu vya majani, majani ya figili ambayo jirani aliyakata ayatupe, vipande viwili vya figili ya chumvi. Na yai, kuku akikubali. Hakulalamika, hakusifu. Jioni alilirudisha boksi tupu, limefungwa katika kitambaa chake cha buluu, akaliweka kando ya sinki, akanawa, akakaa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Haikuwa hivyo zamani. Tulikuwa na binti, Fumie. Surua ilimchukua ndani ya siku tisa, mwezi wa theluji, ana miaka minne. Alikuwa mtoto wa kupuliza. Kila kitu alikipuliza kabla ya kukila: uji, viazi, hata figili iliyotoka kwenye pipa na barafu yake. Baba yake alikuwa akimtania, "Imeshaganda hiyo, mama. Unataka ipoe mpaka wapi?" Naye hamjibu, mashavu yamejaa upepo.

Baada ya mazishi nilishikamana na sala. Kila alfajiri, wali ukiiva, kijiko cha kwanza kabisa kilikuwa cha Amida, Buddha wa rehema. Nilifungua milango ya madhabahu yetu ya nyumbani, nikaweka wali katika kikombe chake cha shaba, nikapiga magoti, nikalitaja jina la Amida. Saa hiyo Kiyozo yuko mlangoni anafunga kamba za viatu. Hakupiga magoti na mimi hata mara moja. Jina la mtoto halikutoka tena kinywani mwake. Nikajiambia: huyu amemsahau; katika nyumba hii anayemlilia Fumie ni mimi peke yangu. Neno hilo nikalilea, nikalinenepesha, mpaka likawa mwenzangu kuliko yeye.

Mara moja tu aliomba kitu.

"Kwenye yai," alisema, mgongo umenielekea, "tia sukari kidogo."

Mtu ambaye hata viazi vitamu vilimchefua. Nikaona ni kudeka kwa utu uzima. Nikatia, sikuuliza.

Vuli ile ndipo nikaanza kuona chembe. Kwetu, mtoto akifundishwa kushika vijiti, la pili kufundishwa ni hili: ukifungua boksi, anza na chembe zilizonata kwenye kifuniko. Kiyozo alikulia nyumba ya njaa. Hilo alilishika kama sala. Sasa kifuniko kinarudi na wali umekaukia pembeni, kana kwamba tonge zima lilikaa pale, na doa la manjano la yai. Siku ya kwanza nikakitia majini. Nikasugua. Ya pili nikasugua. Wiki ya pili nikawa na hakika: anatupa, au ana mtu anayemmegea.

"Anayetupa wali hupofuka macho," nilimwambia, maneno tuliyolelewa nayo sote. Kisha nikaongeza ya kwangu. "Lakini wewe utakumbuka wapi. Umesahau kuna aliyekufa akitamani kijiko cha uji."

Alikuwa ananawa. Maji yakaendelea kutiririka juu ya mikono iliyokwisha kutakata.

"Hutaziona tena," akasema.

Kweli, kwa miaka kumi na mmoja kifuniko kilirudi safi. Nami, Amida anisamehe, nilihesabu kwamba nimeshinda.

Moyo wake ulisimama uwanjani, kati ya magogo, asubuhi, chakula chake hakijafunguliwa. Siku ya arobaini na tisa ya msiba, kasisi wa hekalu alipokwisha kusoma sala na kuondoka, Moriwaki alibaki. Huyu ndiye aliyekula ubavuni mwa Kiyozo miaka yote ile, mtu wa mdomo mwingi na masikio mazito kwa ajili ya misumeno. Akatoa ndani ya gazeti kibao chembamba cha mwerezi, ukubwa wa kiganja, kimepigwa randa mpaka kinang'aa.

"Shemeji, hiki ni chake. Nimeona nisikichome."

Nikamwuliza ni cha nini.

"Cha mgeni wake," akasema, akacheka kidogo, kisha akaona uso wangu, akaacha. Akanieleza kwamba Kiyozo, kabla hajala, humega tonge na kipande cha yai, akaviweka mbele yake, akakaa navyo. Zamani aliweka kwenye kifuniko. Siku moja akaja na kibao, akasema kifuniko kinampa mke wake kazi ya kusugua. Mwishoni wali ule aliwaachia shomoro. "Sisi tukimchokoza: Kiyozo, wali unakauka, huyo mgeni wako hali? Wali wa baridi kama jiwe, shemeji, na yeye anatujibu, uso mkavu kabisa: Subirini. Bado anapuliza."

 Nilimmiminia chai, mpaka kikombe kikafurika na yeye akanyanyua magoti.

Kesho yake nilipika kama siku ya kazi. Nikapiga yai, nikatia sukari. Nikashindilia wali, nikazika plamu, nikafunika, nikalifunga boksi kwa kitambaa cha buluu. Nikakaa nalo mpaka saa sita, saa yao ya kula, ndipo nikalifungua mbele ya madhabahu. Nikala kwanza chembe za kifuniko. Kisha nikamega tonge na kipande cha yai, nikaviweka juu ya kibao.

Wali ulikuwa umepoa tangu asubuhi. Nikaweka vijiti chini, nikasubiri.