Barabara Mgongoni mwa Karatasi

Kila aliposinzia mchana, mchapaji aliota anatembea kwenye barabara ile ile. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, imekata nyasi ndefu, na alipofika katikati ya karatasi ilikoma. Mbele palikuwa peupe. Alisimama ukingoni bila hofu, akisubiri mtu amchongee pa kukanyaga.

Barabara yenyewe ilikuwepo. Ilichongwa ng'ambo, kwenye karakana ambayo hakuwahi kuiona, na mtu ambaye hakuwahi kuisikia sauti yake. Mpango wao wa kubadilishana kazi ulikuwa rahisi. Mwenzake alichapa nusu ya kushoto ya picha kwenye karatasi nyepesi kama ngozi ya kitunguu, akaiacha nusu ya kulia tupu. Watu wa mtaa huu waijaze kwa ubao wao, kisha picha zioneshwe huko na huku.

Watu hao walikutana kila Jumamosi kujifunza kwa mchapaji, katika chumba cha nyuma kilichokuwa cha kufulia nguo. Mwenye chumba alikuwa mama mkwe wa mchapaji, na alikitoa shingo upande. Kuchonga mbao alikuita kuchokonoa. Kwa miezi mingi alipita na ndoo yake bila hata kutupa jicho. Siku moja akaketi, akaomba patasi, na tangu hapo kumbandua kitini ikawa kazi. Ndiye aliyechonga nusu ya mtaa: ngazi, kamba za nguo, kibanda cha kinyozi, na barabara ya ng'ambo ikiingia kati yake.

"Leo ndiyo unanionyesha, mwanangu?" aliuliza, akifuta miwani kwa upindo wa gauni.

"Leo, Mama."

Mchapaji akapitisha rola ya wino juu ya ubao, akalaza gazeti la kujaribia, akalisugua kwa mgongo wa kijiko cha mbao. Akalifunua. Barabara ilikuwa imetokea ukingo wa kulia, mbali na ile iliyotakiwa kuungana nayo. Kushoto, mahali pake, palikuwa na kibanda cha kinyozi.

Kosa alilijua papo hapo, na mwenye kosa pia. Ubao hutoa picha iliyogeuka, kama kioo. Geuza kwanza ndipo uchonge. Hilo aliwaimbia wanafunzi tangu siku ya kwanza. Mchoro huu aliuhamishia ubaoni yeye mwenyewe, na hakuugeuza. Mama mkwe alifuata tu, mstari kwa mstari.

Kinyozi, aliyekuwa akinoa patasi dirishani, alichungulia. "Mmenihamisha? Wateja watanipatia wapi?"

"Kuna nini?" mama mkwe akauliza.

Mchapaji angeweza kuchonga ubao mwingine kabla kifurushi cha kurudisha karatasi ng'ambo hakijaondoka. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Lakini picha ingekuwa yake, na mama mkwe angeirudia ndoo, safari hii moja kwa moja.

"Nimekosea, Mama. Mimi, si wewe. Sikugeuza mchoro."

Mama mkwe alilisogeza gazeti karibu na miwani. "Kila Jumamosi geuza, geuza, mpaka nikilala naota nageuzwa. Kumbe mwalimu mwenyewe hageuki."

Kinyozi akaiinamia patasi yake kama anayeisoma. Mama mkwe akaanza kuifunga ya kwake ndani ya kitambaa, taratibu, kona baada ya kona.

Ili mikono isikae bure, mchapaji akachukua karatasi moja ya ng'ambo, akailaza nusu yake tupu juu ya ubao, uso uliochapwa ukiangalia juu, jinsi mchapaji asivyolaza karatasi. Wino ulikuwa bado mbichi. Mwanga wa dirisha ulitulia juu ya weupe ule, na chini yake barabara ikaanza kujitokeza, ya kijivu, kama kitu kinachopanda polepole kutoka majini. Ilianzia kushoto. Ilikuwa imeigusa ile nyingine.

Hapakuwa na muujiza. Karatasi nyepesi hunywa wino, na kilichochapwa mgongoni huonekana usoni bila kugeuka.

"Mama, niletee kijiko."

"Chukua mwenyewe."

"Nimeshika karatasi. Njoo usugue wewe, pole pole, isichanike."

Mama mkwe alikawia, kisha akaja. Alisugua huku amebana midomo, na kila kijiko kilipopita mtaa ukazidi kuamka: ngazi, kamba, kibanda. Nyasi za ng'ambo zilikuwa nyeusi kali. Mtaa wao ulikuwa hafifu, kama unaotazamwa na mtu ambaye hajamaliza usingizi, na barabara ilipita kati ya pande hizo mbili bila kukatika.

"Kibanda changu kimekuwa kama moshi," kinyozi alisema.

"Ndivyo kilivyo," mama mkwe akamjibu.

Kufikia alasiri karatasi zote zilikuwa zikining'inia kwenye kamba za zamani za nguo, zikipumua kila mlango ulipofunguliwa. Mama mkwe alipita chini yake, akaketi, akaifungua patasi kutoka kwenye kitambaa.

"Ubao mwingine upo?"

"Upo, Mama."

"Nipe. Ila mchoro nitauhamisha mwenyewe."